Panga na Ala Yake: Walinzi wa Mwili Wanaozuia Mishipa ya Damu Kuota Ovyo



Mwezi huu tunaanza na habari ya kichupa. Mama mmoja alikuja kliniki yetu akiwa amejifunga kanga kifuani na kuikaza sana. Tulipomwomba aifungue, tuliona titi la kushoto limevimba, na ngozi yake ina vishimo vidogovidogo kama ganda la chungwa. Tukamwuliza aliona mabadiliko hayo tangu lini. Akajibu, "Sista, ni tangu mvua za mwaka jana. Lakini sikukaa bure, nilikuwa natumia dawa."

Akatoa mkobani kichupa cheupe chenye picha ya samaki papa. Ndani mlikuwa na vidonge vya unga wa gegedu la papa. Aliyemwuzia alimweleza kwamba papa hapati kansa hata siku moja, na kwamba unga ule huzuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe, nao uvimbe hufa kwa njaa. Kwa kila kichupa mama alikuwa ameuza mbuzi mmoja. Kichupa kile kilikuwa cha nne.

Hatukumcheka wala hatukumkaripia. Maneno aliyoambiwa yalikuwa na punje ya ukweli ndani yake, na uongo wenye punje ya ukweli ndio unaowapoteza watu wengi. Kwa hiyo leo tuichambue habari hii pamoja: lipi ni kweli, lipi si kweli, na sisi katika familia zetu tufanye nini.

GEGEDU HALINA DAMU

Unaponunua mifupa ya ng'ombe kwa ajili ya supu, tazama ncha ya mfupa pale kwenye kiungo. Utaona kitu cheupe, laini na chenye kuteleza. Hilo ndilo gegedu. Nasi tunalo: ncha ya pua, sikio, na vifuniko vya mifupa ndani ya goti. Ukikata nyama, damu hutoka. Ukikata gegedu lenyewe, hakuna damu, kwa sababu halina mishipa ya damu ndani yake. Seli zake hupata chakula kutoka kwenye majimaji yanayopenya polepole.

Jambo hili liliwashangaza wataalamu. Mishipa ya damu huota karibu kila mahali mwilini. Kwa nini haiingii kwenye gegedu? Je, kuna kitu ndani yake kinachoizuia?

Aliyelifuatilia swali hili kwa bidii ni daktari mpasuaji wa watoto huko Boston, Marekani, aliyeitwa Judah Folkman. Mwaka 1971 aliandika kwamba uvimbe wa kansa hauwezi kukua kupita ukubwa wa milimita 1 au 2 hivi, yaani kama kichwa cha pini, mpaka uite mishipa mipya ya damu iuletee chakula na hewa ya oksijeni. Madaktari wengi wa wakati ule hawakukubaliana naye.

Mwaka 1975 yeye na mwenzake Henry Brem walieleza majaribio waliyofanya kwenye jicho la sungura. Walichagua sehemu ya mbele ya jicho iliyo angavu kama kioo kwa sababu kwa kawaida haina mishipa, hivyo mshipa mpya ukiota huonekana wazi. Uvimbe ulipopandikizwa pale, mishipa ilianza kuuelekea. Palipowekwa kipande cha gegedu karibu yake, mishipa ilisitasita na kuchelewa. Kumbe gegedu lina walinzi!

Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba gegedu la papa nalo lina vitu vya namna hiyo. Hapo ndipo ilipotoka ile punje ya ukweli. Lakini mwaka 1990 Marsha Moses na wenzake walipomtoa mlinzi mmoja na kumsafisha mpaka akajulikana sawasawa, hawakumtoa kwa papa. Walimtoa kwenye gegedu la mfupa wa bega la ng'ombe. Alikuwa ni protini inayozuia kazi ya vimeng'enya fulani. Ilipowekwa karibu na seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu, seli hizo ziliacha kuongezeka na kuacha kutembea.

Ili tuelewe kwa nini kuzuia kimeng'enya humzuia mshipa kuota, inafaa kwanza tujue kimeng'enya hufanya nini.

PANGA LA MWILI

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kikemikali mwilini. Tafuna ugali kwa muda mrefu bila kumeza, utaona unaanza kuwa mtamu. Huo ni mmojawapo wa vimeng'enya vya mate ukiugeuza wanga kuwa sukari.

Sasa, seli za mwili wetu hazielei ovyo kama majani mtoni. Zimekaa ndani ya wavu mgumu uliosukwa kwa nyuzi za protini, hasa ile iitwayo kolajeni. Wavu huo ni kama kichaka kinene. Seli ikitaka kuhama kutoka hapa kwenda pale, lazima ifyeke njia. Panga lake la kufyekea ni vimeng'enya ambavyo wataalamu huviita metaloproteinasi. Mwili wa binadamu una aina zaidi ya 20 za mapanga haya, na kila panga lina chembe ya madini ya zinki mahali penye makali.

Panga la kwanza la aina hii liligunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapiere. Walilipata wapi? Kwenye mkia wa kiluwiluwi! Watoto wetu wanaochezea madimbwi wanajua kwamba kiluwiluwi ana mkia na chura hana. Mkia ule haukatiki ukaanguka. Vimeng'enya hukatakata kolajeni yake, nao huyeyuka kidogokidogo.

Mshipa mpya wa damu huota hivi. Sehemu ya mwili iliyokosa oksijeni ya kutosha hutuma ujumbe wa kikemikali. Seli zilizotanda ndani ya mshipa wa jirani huupokea ujumbe huo na kuamka. Hutoa mapanga yao, hukata utando unaouzunguka mshipa, kisha hutoka na kufuata upande ujumbe ulikotoka, moja mbele na nyingine nyuma. Njiani huongezeka, hujipanga kama bomba, na damu huanza kupita. Ukizuia mapanga, safari hiyo hukwama mapema.

ALA YA PANGA

Mwenye busara hatembei sokoni na panga tupu, hulitia alani. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Umeumba protini nne ambazo kazi yake kubwa ni kuwa ala za mapanga haya. Wataalamu huziita kwa kifupi TIMP, kuanzia namba 1 hadi 4. Ala moja hushika panga moja: hujiingiza mahali penye zinki, na makali hayawezi tena kukata.

Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba ala hizi zina kazi nyingine pia. Mwaka 2003 ilielezwa kwamba TIMP namba 2 inaweza kuzituliza seli za mishipa hata bila kugusa panga lolote. Mwaka huohuo ilionekana kwamba namba 3 huuziba mlango ambao ujumbe wa kuotesha mishipa huingilia kwenye seli.

Na ala ikiharibika? Mwaka 1994 watafiti waligundua kwamba kuna familia zinazorithi hitilafu katika TIMP namba 3. Ugonjwa wao huitwa Sorsby. Watu hawa huzaliwa wakiona vizuri, lakini wakiwa watu wazima mishipa dhaifu huota nyuma ya jicho, huvuja, na hupoteza uwezo wa kuona vitu vilivyo mbele yao. Ala moja tu imeharibika, na mtu anashindwa kuuona uso wa mtoto wake.

MIZANI YA KILA SIKU

Tusidhani kwamba panga ni adui na ala ni rafiki. Mwili unavihitaji vyote viwili, kila kimoja kwa wakati wake.

Fikiria mimba changa. Seli za kondo la nyuma hufyeka njia na kuingia ukutani mwa mji wa mimba ili mtoto apate damu ya mama. Bila mapanga, mimba haishiki. Lakini utando wa ndani wa mji wa mimba hutoa ala, na hivyo seli zile huingia kwa kiasi. Mahali penye kovu la upasuaji wa uzazi utando huo huweza kuwa hafifu, na mara nyingine kondo huzama mno ukutani na kukataa kutoka baada ya mtoto kuzaliwa. Hii ni sababu mojawapo ya sisi kumsihi mama aliyewahi kupasuliwa ajifungulie hospitali.

Fikiria pia kidonda. Ukijikata na jembe, mapanga husafisha nyama iliyokufa, seli za ngozi husogea kutoka pembeni kuja katikati, na mishipa mipya huota. Ile nyama nyekundu yenye vipunjepunje unayoiona kwenye kidonda kinachopona imejaa mishipa hiyo mipya. Kazi ikiisha, ala huongezeka, mapanga hupungua, kovu hufunga.

Lakini kwa donda ndugu mambo huwa kinyume. Wataalamu walipopima majimaji ya vidonda sugu, walikuta mapanga mengi mno na ala chache. Vijidudu na nyama iliyokufa huziita chembe nyeupe za damu, nazo huja na mapanga yao. Kila kinachojengwa mchana hubomolewa usiku. Ndiyo maana muuguzi hukazana kuosha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa hata kama mgonjwa anakunja uso. Hatumtesi. Tunapunguza mapanga.

KANSA HUIBA MAPANGA

Uvimbe wa kansa hutumia njia hizihizi za mwili, ila kwa ubaya. Hutuma ujumbe wa kuita mishipa bila kukoma. Hutoa mapanga mengi, tena huzishawishi seli jirani zilizo nzima zitoe mapanga kwa ajili yake. Kichaka kikishafyekwa, seli za kansa husafiri, huingia kwenye mishipa, na kwenda kuweka makao kwenye mapafu, ini au mifupa. Kansa inayosafiri ndiyo ngumu kuitibu.

Utasema: basi, si tumpe mgonjwa ala nyingi? Wataalamu walifikiri hivyohivyo. Katika miaka ya 1990 vilitengenezwa vidonge vya kuzuia mapanga, na kimojawapo kiliitwa marimastat. Wagonjwa wengi walijitolea kuvijaribu. Matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Wagonjwa wengi waliumwa viungo na kukakamaa, na kwa jumla vidonge havikuizuia kansa iliyokwisha kuenea. Baadaye ilieleweka kwamba baadhi ya mapanga humsaidia mtu kupigana na uvimbe, na kwamba ala nyingine, kama TIMP namba 1, huweza hata kuzisaidia seli zisife. Kuyafunga mapanga yote kwa pamoja ni kama kuwanyang'anya kijiji kizima mapanga kwa sababu ya mwizi mmoja: shamba nalo halilimwi.

Njia nyingine ilifanikiwa zaidi. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo bevacizumab kwa kansa ya utumbo mpana iliyokwisha kuenea. Dawa hii huukamata ule ujumbe wa kuotesha mishipa kabla haujafika. Hutolewa kwa sindano hospitalini pamoja na dawa nyingine za kansa. Wazo la Folkman lilionekana kuwa la kweli. Lakini angalieni mizani: kwa sababu huzuia mishipa mipya, dawa hiyo huchelewesha vidonda kupona, na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa husubiri angalau siku 28 kabla ya kuipata. Hata dawa nzuri inahitaji msimamizi.

NA UNGA WA PAPA JE?

Sasa turudi kwenye kichupa cha yule mama. Tuna majibu matatu.

La kwanza: papa hupata kansa. Wataalamu wameona uvimbe wa namna hiyo kwa papa, tena hata kwenye gegedu lake. Uvumi kwamba hapati ulienezwa sana na kitabu kilichotolewa Marekani mwaka 1992.

La pili: walinzi wa gegedu ni protini. Protini ukiimeza, tumbo huikatakata kama linavyokatakata maharage na nyama. Mlinzi haingii mwilini akiwa na silaha zake. Anayekula mguu wa sungura hapati mbio za sungura.

La tatu, na lililo zito zaidi: limejaribiwa kwa haki. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusu wagonjwa 83 wenye kansa ya titi au ya utumbo mpana iliyokwisha kuenea. Baadhi walipewa gegedu la papa na wengine walipewa kitu kinachofanana nalo kisicho na dawa. Waliopewa gegedu hawakuishi zaidi wala hawakujisikia vizuri zaidi. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine la wagonjwa 379 wenye kansa ya mapafu, waliopata matibabu ya kawaida, na baadhi yao wakaongezewa maji yaliyokamuliwa kutoka gegedu la papa. Hapakuwa na tofauti katika muda wa kuishi.

Kwa hiyo hasara kubwa ya kichupa kile haikuwa mbuzi wanne. Ilikuwa miezi. Katika miezi hiyo uvimbe uliendelea kuita mishipa na kufyeka njia.

TUFANYE NINI?

1. Ukigusa uvimbe kwenye titi, au ukiona ngozi imekunjamana, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda hospitali wiki hiyohiyo, hata kama hauumi. Uvimbe mwingi wa titi si kansa, lakini hakuna anayeweza kuhakikisha kwa macho tu. Lazima upimwe.

2. Ukiwa umetumia dawa yoyote, ya kienyeji au ya kichupa, ilete. Usiifiche kwa kuogopa kukaripiwa. Tunahitaji kuijua ili tusikupe dawa itakayogombana nayo.

3. Muuzaji akikuambia dawa yake hutibu kansa zote, na kwamba hospitali hawataki uijue, funga mkoba wako.

4. Kidonda kisichopungua kwa wiki mbili kionwe kliniki, na mgonjwa apimwe sukari. Mwenye kisukari akiona kidonda mguuni asingoje hata siku moja.

5. Osha kidonda kwa maji safi na ukifunike kwa kitambaa safi. Usitie majivu wala kinyesi cha ng'ombe, vinaweza kuleta pepopunda. Usimwagie spiriti kila siku, huziunguza seli changa zinazosogea kukifunga.

6. Mwenye kidonda ale maharage, dagaa, mayai na mboga za majani. Asikose mapera au machungwa, kwa sababu mwili hutumia vitamini C kuzisuka nyuzi za kolajeni. Na aache sigara.

7. Wengine wamesikia kwamba doksisaiklini nayo huyapunguza mapanga. Ni kweli kwamba mwaka 1998 vidonge vyake vya kipimo kidogo viliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa fizi. Hiyo si ruhusa ya kuinunua dukani na kujitibu. Haifai kwa mama mjamzito, na watoto wadogo wasipewe bila agizo la daktari.

Yule mama alipelekwa hospitali ya rufaa, akapimwa, akaanza matibabu. Alituuliza, "Sista, ningekuja mvua zilipoanza, ingekuwaje?" Tulimjibu kweli: kazi ingekuwa ndogo zaidi na matumaini makubwa zaidi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi nitawaambia wenzangu kwenye jumuiya."

Naye aliwaambia. Baada ya majuma machache binti yake alikuja kwetu akiwa na kivimbe kidogo kama punje ya harage, alichokiona siku nne tu kabla. Kilipimwa, na hakikuwa kansa. Lakini alikuja, wala hakununua kichupa njiani.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwili wako una walinzi wake, nao wanafanya kazi usiku na mchana bila kudai malipo. Wanapozidiwa, uvimbe au donda ndiyo kelele yao ya kuomba msaada. Tukiisikia, tusingoje mvua nyingine.